Kabla ya Amri ya Kwanza

Anayejifunza C hukutana na argc na argv mapema sana. Huambiwa kwamba ya kwanza ni idadi ya hoja na ya pili ni hoja zenyewe, naye huzikariri na kusonga mbele. Haambiwi zimetoka wapi. Kuna msimbo unaozileta hadi kwenye main, na kwa kuwa unafanya kazi yake vizuri, swali halimjii.

Katika asembli swali hilo halikwepeki. Hakuna main, hakuna maktaba, hakuna wa kukusogezea kitu. Prosesa inaruka hadi kwenye lebo ya _start na kutekeleza amri yako ya kwanza. Ikiwa mtumiaji aliandika maneno matatu baada ya jina la programu, ama maneno hayo yapo mahali fulani kwenye kumbukumbu, ama hayapo.

Yapo. Kerneli imekwisha kuyapanga kwa utaratibu usiobadilika kabla amri yako ya kwanza haijatekelezwa, na rejista moja, rsp, inaelekeza mahali pale pale mpangilio huo unapoanzia. Sura hii inahusu mpangilio huo. Ni mdogo, unatosha kwenye kipande cha karatasi, lakini ndio unaoeleza jinsi main inavyopata vitu vyake, kwa nini amri ya ps inaweza kukuonyesha nywila ya mwenzako, na jinsi programu moja iliyosambazwa na karibu kila toleo kubwa la Linux ilivyobeba mwanya wa hatari kwa zaidi ya miaka 12.

Kutoka kwenye sheli hadi kwenye staki

Tuseme programu yetu inaitwa hoja, na mtumiaji ameandika hivi:

```
./hoja Unguja Pemba Mafia
```

Wa kwanza kuusoma mstari huu ni sheli, mara nyingi Bash. Ndiyo inayoukata vipande kwa kufuata nafasi, ndiyo inayoondoa alama za kunukuu, na ndiyo inayoigeuza nyota kuwa majina ya mafaili. Ukiandika ./hoja *.txt katika folda yenye mafaili ya namna hiyo, programu yako haitaiona nyota kamwe. Itapokea majina ya mafaili, moja baada ya jingine, kana kwamba mtumiaji ameyaandika yote kwa mkono. Ukiandika ./hoja "Kisiwa cha Mafia", itapata hoja moja yenye nafasi mbili ndani yake. Kazi yote ya kukata maneno imekwisha kabla programu yako haijazaliwa, na huo ni wepesi ambao waandishi wa zama za MS-DOS hawakuwa nao. Huko programu ilipewa mstari mzima kama ulivyo, katika eneo la baiti 128, ya kwanza ikitaja urefu na zilizobaki zikishika maandishi, na kila mtu alijikatia mwenyewe kwa namna yake.

Sheli ikimaliza, inajigawa mara mbili, na nakala yake inaita execve, ambao ni mwito wa mfumo namba 59 kwenye x86-64. Mwito huu hupokea vitu vitatu: njia ya faili la programu, safu ya vielekezi vya hoja, na safu ya vielekezi vya vigeu vya mazingira kama HOME na PATH. Hapo kerneli inakabiliwa na tatizo. Kazi yake ni kuifuta kumbukumbu yote ya mchakato uliopo na kujenga nyingine kwa ajili ya programu mpya, lakini maneno Unguja, Pemba na Mafia yamo humo humo kwenye kumbukumbu inayokaribia kufutwa. Kwa hiyo inayanakili kwanza. Inatenga staki ya programu mpya na kuyaweka maneno hayo kileleni kabisa, kwenye anwani kubwa kuliko zote za staki. Chini yake inajenga safu za vielekezi vinavyoyaelekeza.

Ndiyo maana amri yako ya kwanza inapoanza, ukitazama kutoka rsp kwenda juu, utakuta hivi:

```
rsp          4
rsp + 8      anwani ya "./hoja"
rsp + 16     anwani ya "Unguja"
rsp + 24     anwani ya "Pemba"
rsp + 32     anwani ya "Mafia"
rsp + 40     0
rsp + 48     anwani ya kigeu cha kwanza cha mazingira
 ...         vigeu vingine
 ...         0
 ...         jozi za taarifa za ziada kutoka kwa kerneli
```

Kila mstari una upana wa baiti 8. Idadi ni 4 wala si 3, kwa sababu jina la programu nalo huhesabiwa. Na katika mistari hii yote hakuna hata herufi moja ya neno Unguja. Kilichopo kwenye rsp + 16 ni namba, anwani ya mahali neno hilo lilipo, juu zaidi kwenye staki hiyo hiyo. Anayeanza huvuta baiti 8 kutoka rsp + 16 akidhani ameshika herufi, kumbe ameshika kielekezi. Lazima aende hatua ya pili: afuate anwani hiyo, asome baiti moja moja, na akome akikuta baiti yenye thamani ya sifuri. Hivyo kuna sifuri za aina mbili hapa, na haifai kuzichanganya. Moja ina upana wa baiti 8 na hufunga safu ya vielekezi. Nyingine ina upana wa baiti moja na hufunga kila neno.

Jozi za mwisho kwenye orodha ile hazizungumzwi sana, lakini zina manufaa. Kila jozi ni namba ya aina na thamani yake. Mojawapo hutaja ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu, kwa kawaida 4096. Nyingine hutoa anwani ya baiti 16 za nasibu ambazo maktaba ya C hutumia kutengeneza kinga dhidi ya programu inayoandika kupita mipaka ya staki yake. Ukitaka kuziona, endesha LD_SHOW_AUXV=1 /bin/true, nazo zitachapishwa kwenye terminali.

Mpangilio huu ni wa kale. Unix ilianza kuandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969, na mwongozo wake wa kwanza, wenye tarehe 3 Novemba 1971, ulikwisha kueleza kwamba programu inapoanza, staki inaelekeza kwenye idadi ya hoja, na vielekezi vya hoja vinafuata. Wakati huo Unix yenyewe ilikuwa bado imeandikwa kwa asembli. Ilihamishiwa C mwaka 1973. Kwa hiyo si kweli kwamba argc na argv ni vitu vya C ambavyo asembli inavisogelea kwa shida. C ilivikuta.

Kutazama kwa macho

Maelezo haya yaonekane kwanza, ndipo yaaminike. Kitatuzi cha gdb kina amri ya starti, inayosimamisha programu kwenye amri yake ya kwanza kabisa, kabla haijafanya lolote. Fungua programu kwa gdb --args ./hoja Unguja Pemba Mafia, andika starti, kisha:

```
x/6gx $rsp
```

Maana yake ni: nionyeshe vipande 6 vya baiti 8 kila kimoja, kwa namba za msingi wa 16, kuanzia rsp. Cha kwanza kitakuwa 0x0000000000000004. Vinne vinavyofuata vitaanza na sifuri nne kisha 7fff, dalili ya anwani za kileleni mwa kumbukumbu ya mchakato. Cha sita ni sifuri tupu.

Sasa toa anwani ya Unguja katika anwani ya Pemba. Utapata 7. Toa ya Pemba katika ya Mafia, utapata 6. Unguja ina herufi 6 na baiti moja ya sifuri. Pemba ina herufi 5 na sifuri yake. Maneno yamebanana, moja likianza pale jingine linapoishia, bila pengo. Ukichapa x/s $rsp na kutazamia neno, utaona takataka, kwa sababu ile ile ya kielekezi. Ukichapa x/s *(char **)($rsp+16), Unguja itajitokeza.

Usishangae hoja ya kwanza ikiwa njia ndefu inayoanzia kwenye mzizi wa mafaili badala ya ./hoja. Ni gdb inayoita programu kwa njia kamili. Na ukiendesha programu nje ya gdb, anwani zitabadilika kila mara, kwa kuwa Linux huisogeza staki kwa nasibu ili kumsumbua mshambuliaji. Umbali kati ya neno na neno haubadiliki.

Programu yenyewe

Hii hapa programu nzima, kwa mtindo wa NASM, inayochapisha kila hoja kwenye mstari wake na kuliacha jina la programu:

```
        global _start
        section .text
_start:
        lea   r13, [rsp + 16]       ; ruka jina la programu
.hoja:
        mov   rsi, [r13]            ; anwani ya neno
        test  rsi, rsi
        jz    .mwisho               ; sifuri: hoja zimekwisha
        xor   edx, edx              ; urefu unaanzia 0
.hesabu:
        cmp   byte [rsi + rdx], 0
        je    .andika
        inc   rdx
        jmp   .hesabu
.andika:
        mov   byte [rsi + rdx], 10  ; weka mstari mpya
        inc   rdx
        mov   eax, 1                ; write
        mov   edi, 1                ; towe la kawaida
        syscall
        add   r13, 8                ; kielekezi kinachofuata
        jmp   .hoja
.mwisho:
        mov   eax, 60               ; exit
        xor   edi, edi
        syscall
```

Ijenge kwa nasm -f elf64 hoja.asm, kisha ld -o hoja hoja.o, na uiendeshe. Visiwa vitatu vitajipanga kwenye skrini, kila kimoja mstari wake.

Mambo mawili katika msimbo huu yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni uchaguzi wa r13. Amri ya syscall huharibu rejista mbili, rcx na r11, kwa sababu prosesa huzitumia kuhifadhi mahali pa kurudia na hali ya bendera zake. Ukiweka kielekezi chako kwenye rcx, kitanzi kitachapisha neno la kwanza na baada ya hapo kitapotea. Ukikiweka r13, kerneli haikigusi.

La pili ni ile amri inayoandika 10 mahali pa sifuri. Mwito wa write hautaki sifuri mwishoni. Unataka anwani na urefu. Basi badala ya kuita write mara mbili, mara moja kwa neno na mara ya pili kwa mstari mpya, tunaigeuza sifuri iliyofunga neno kuwa alama ya mstari mpya na kuichapisha pamoja nalo. Inawezekana kwa sababu maneno haya ni mali ya programu yako kabisa. Yako kwenye staki yako, na staki inaandikika. Jirani anayefuata hadhuriki, maana ana kielekezi chake mwenyewe. Naupenda ujanja huu, lakini una gharama: neno lililopoteza sifuri yake halina mwisho tena, na atakayelisoma mara ya pili atapitiliza hadi neno la jirani.

Kitu kingine cha kuzoea ni kuchukua anwani ya hoja mapema. Kila push na kila call husogeza rsp, na rsp + 16 ya sasa si rsp + 16 ya baadaye. Miongozo mingi hupendelea kuchomoa hoja kwa pop, moja baada ya nyingine. Inafanya kazi, lakini ukishachomoa umepoteza njia ya kurudi nyuma. Mimi hushauri lea mwanzoni kabisa, kisha staki iachwe ifanye kazi zake.

Pale watu wanapokwama

Ukweli wa ajabu kidogo kuhusu _start ni kwamba si kitendaji. Hakuna aliyeiita, kwa hiyo hakuna anwani ya kurudia juu ya staki. Aliyezoea kumalizia kila kitu kwa ret huandika ret mwishoni mwa _start, na kinachofuata kinafundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo. Amri ya ret huchota kilicho juu ya staki na kuruka kwenye anwani hiyo. Juu ya staki kuna idadi ya hoja. Kwa mfano wetu wa visiwa, prosesa inaruka kwenye anwani namba 4, mahali pasipo na kitu, na Linux inaiua programu hapo hapo. Ukiongeza hoja moja, inaruka kwenye anwani 5.

Kinyume chake hutokea kwa anayetumia main. Ukiandika lebo ya main na kuunganisha kwa gcc, maktaba ya C inaweka _start yake mwenyewe, inasoma staki kama tulivyofanya, kisha inaita main kama kitendaji cha kawaida: idadi kwenye edi, anwani ya safu ya hoja kwenye rsi, anwani ya mazingira kwenye rdx. Hapo juu ya staki pana anwani ya kurudia, na anayesoma [rsp] akitazamia idadi ya hoja atapata namba kubwa isiyo na maana kwake. Amua moja kabla ya kuandika mstari wa kwanza: unaanzia _start au main. Mifano mingi inayogoma ni mchanganyiko wa hayo mawili.

Kikwazo cha tatu ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu hakipigi kelele. Miongozo mingi inayosomwa hadi leo iliandikwa kwa ajili ya biti 32. Humo staki ni esp, kila kielekezi kina upana wa baiti 4, na mwito wa mfumo hufanywa kwa int 0x80, ambapo write ni namba 4 na exit ni namba 1. Mwanafunzi huchukua mfano huo, hubadilisha majina ya rejista yawe ya biti 64, na huiacha int 0x80 kama ilivyo. Anajaribu kuchapisha sentensi aliyoiweka kwenye sehemu ya data, na inachapishwa vizuri. Anajaribu kuchapisha hoja, na skrini inabaki tupu. Hakuna kosa linaloonekana wala programu haianguki.

Sababu ni kwamba int 0x80 hupitia mlango wa biti 32 wa kerneli, ambao husoma nusu ya chini tu ya kila rejista. Sentensi iliyo kwenye data ya programu ya kawaida isiyohamishika inakaa karibu na anwani 0x402000, namba inayoenea kwenye biti 32. Hoja ziko kwenye staki, karibu na 0x7fff na tarakimu nyingine nane. Nusu ya juu ikikatwa, kinachobaki ni anwani ya mahali pengine kabisa, na kerneli inarudisha -14 kwenye eax, yaani anwani mbovu. Mwanafunzi ambaye hakuikagua eax atahitimisha kwamba ameielewa staki vibaya, na ataanza kuvuruga msimbo uliokuwa sahihi.

Kuhusu namba, neno moja tu. Mtumiaji akiandika 25, kerneli haikupi ishirini na tano. Inakupa baiti 0x32, 0x35 na sifuri. Unasoma baiti, unatoa 0x30, unakagua kwa cmp eax, 9 ikifuatwa na ja, na ukaguzi huo mmoja unakamata herufi zilizo juu ya 9 pamoja na zilizo chini ya 0, kwa kuwa ja hulinganisha bila kujali alama ya hasi na namba hasi huonekana kubwa mno. Kisha jumla uliyonayo unaizidisha kwa 10 na kuongeza tarakimu mpya.

Jina ambalo mwitaji hulichagua

Hoja ya kwanza kabisa, jina la programu, haitoki kwenye faili. Hutoka kwa aliyeita execve, na anaweza kuandika anachotaka. Sheli ya kuingilia kwenye mfumo hupewa jina lenye kistari mbele, kama -bash, na kwa kistari hicho inajua kwamba ni kikao kipya. BusyBox, programu inayokaa kwenye ruta nyingi na vifaa vidogo, imejenga maisha yake yote juu ya jambo hili: faili ni moja, majina yanayoielekeza ni mengi, na kwa kusoma hoja ya kwanza inaamua kama leo ni ls, cp au ping.

Kama mwitaji anaweza kuandika jina lolote, je, anaweza kuacha kuandika? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo. Unaweza kuita execve kwa safu isiyo na kitu, na programu ikazaliwa ikiwa na idadi ya 0. Rudi sasa kwenye mstari wa kwanza chini ya _start katika programu yetu, ule wa lea r13, [rsp + 16], ambao nimeuacha hivyo makusudi. Idadi ikiwa 0, kwenye rsp + 8 hakuna jina. Kuna ile sifuri inayofunga safu. Na rsp + 16 ni nini? Ni kigeu cha kwanza cha mazingira. Programu yetu imeiruka sifuri iliyotakiwa kuisimamisha, na itaanza kuchapisha mazingira ikidhani ni hoja.

Kwa programu ya kuchapisha visiwa hilo ni jambo dogo. Kwa pkexec halikuwa dogo. Hii ni programu ya mradi wa polkit, inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kuendesha amri kwa mamlaka ya mwingine, na kwa hiyo yenyewe huendeshwa kwa mamlaka ya root, yeyote aiitaye. Kitanzi chake cha kusoma hoja kilianzia hoja namba 1 na kuendelea maadamu namba hiyo ni ndogo kuliko idadi. Idadi ikiwa 0 kitanzi hakizunguki hata mara moja, lakini kihesabu kinabaki na 1, na msimbo unaofuata unasoma hoja namba 1 kana kwamba ipo. Kilichoko pale ni kigeu cha mazingira cha mshambuliaji. Na haikuishia kusoma. Programu iliitafuta amri hiyo kwenye njia za PATH, na ilipoipata, iliandika njia kamili mahali pale pale, yaani ndani ya safu ya mazingira. Programu za aina hii huondolewa vigeu vya hatari kabla hazijaanza. Mshambuliaji aliweza kukirudisha kimoja baada ya ukaguzi kupita, na kutokea hapo akawa root.

Kampuni ya Qualys ilitangaza mwanya huo tarehe 25 Januari 2022, na ukapewa namba CVE-2021-4034 na jina la PwnKit. Ulikuwemo tangu toleo la kwanza la pkexec, Mei 2009. Msimbo wenyewe ni wa C, umeandikwa na watu wazoefu na kupitiwa na macho mengi. Nadhani haukuonekana kwa sababu katika C argv na mazingira huonekana kuwa vitu viwili tofauti, vyenye majina mawili, na hakuna kitu katika lugha kinachokuambia kwamba ni majirani wanaotenganishwa na sifuri moja. Aliyewahi kuuchora mpangilio wa staki kwa mkono wake anaujua ujirani huo.

OpenBSD ilikwisha kukataa safu tupu kabla ya hapo. Linux ilifuata kwa namna yake: tangu toleo la 5.18, la Mei 2022, mtu akiita execve bila hoja yoyote, kerneli inaweka neno tupu mahali pa jina, idadi ikawa 1, na inaacha onyo kwenye kumbukumbu zake za matukio. Kwenye programu yetu tiba ni amri mbili, zinazokaa kabla ya lea:

```
        cmp   qword [rsp], 1
        jbe   .mwisho
```

Ziandike hata kama kerneli yako ni mpya. Hujui programu yako itaendeshwa wapi.

Kinachoonekana na wengine

Kerneli huhifadhi anwani ya mwanzo na ya mwisho ya eneo la hoja la kila mchakato. Ukisoma faili la cmdline ndani ya folda ya mchakato huo chini ya /proc, inakwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya programu na kukuletea baiti zilizomo. Kwa ./hoja Unguja Pemba Mafia ni baiti 26, sifuri zikiwamo. Amri ya ps inasoma hapo hapo.

Kwa kuwa inasoma kumbukumbu hai, programu inaweza kubadilisha inachoonyesha. PostgreSQL hufanya hivyo kwa faida: huandika juu ya hoja zake ili kila mchakato wake ujitambulishe kwenye ps kwa kazi unayoifanya wakati huo. Upande wa pili ni nywila. Kwenye mfumo uliowekwa kwa kawaida, mtumiaji yeyote anaweza kusoma hoja za mchakato wa mtumiaji mwingine. Anayeandika nywila kwenye mstari wa amri ameibandika mahali pa wazi. Programu za MySQL huifuta nywila kwenye eneo la hoja mara tu zinapoanza, kwa mbinu ile ile tuliyoitumia kuweka mstari mpya, lakini kati ya kuanza na kufuta kuna muda, hata kama ni mfupi, na mwenye subira anaweza kuuvizia. Programu yako ikihitaji siri, isome kutoka kwenye faili lenye ruhusa finyu au kutoka kwenye kibodi, usiipokee kama hoja.

Urefu nao una mipaka. Hoja moja haiwezi kuzidi baiti 131,072, ikiwemo sifuri yake. Jumla ya hoja na mazingira ilikuwa na mpaka huo huo hadi toleo la 2.6.23 la Linux; tangu hapo ni robo ya ukubwa wa staki ulioruhusiwa, na kwa staki ya kawaida ya mebibaiti 8, getconf ARG_MAX itakuonyesha 2097152. Ndiyo asili ya ujumbe "Argument list too long" unaowapata watu wanaojaribu kufuta mafaili laki moja kwa nyota moja.

Kwa wenye Raspberry Pi ya biti 64, au kompyuta yoyote ya ARM64, mpangilio wa staki ni huo huo: idadi kwenye sp, vielekezi vya baiti 8 kuanzia sp + 8, sifuri, mazingira, sifuri. Jina la programu linarukwa kwa add x19, sp, #16, neno linachukuliwa kwa ldr x1, [x19], na baiti zinasomwa moja moja kwa ldrb. Namba ya mwito huwekwa kwenye x8, ambapo write ni 64 na exit ni 93, na mahali pa syscall unaandika svc #0. Ukaguzi wa idadi unaanza kwa ldr x0, [sp], kisha cmp x0, #1 na b.ls kwenda mwisho.